Kinga na Kinga

Kobe alikufa akiwa wa manjano mpaka kwenye kucha. Kabla kaburi lake halijakauka vizuri, mkata karatasi wa kiwanda hicho hicho naye akaanza kugeuka rangi, akalazwa, akamfuata. Wote wawili ilikuwa saratani ya mrija wa nyongo. Wote wawili walifanya kazi chumba kimoja, chini ya jengo, katika kiwanda cha kuchapa vitabu ambacho wafanyakazi wake wote wangeenea kwenye lori moja. Ni ugonjwa wa nadra, na mara nyingi huwapata wazee. Kobe hakuwa mzee. Aliitwa Kobe kwa sababu ya mwendo wake.

Baada ya wawili hao kuondoka, mkubwa wa chumba kile akabaki Rola. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahauliwa na watu wote isipokuwa mkewe, naye alilitumia akikasirika tu. Ukilisikia jina hilo likiitwa kutoka jikoni, ujue jambo limeharibika. Siku nyingine zote alikuwa Rola, hata ndani ya nyumba yake.

Msaidizi wake kwenye mashine kubwa alikuwa shemeji yake, kaka pekee wa mkewe. Rola ndiye aliyemwingiza kazini, akamfundisha kupanga rangi, kulisha karatasi na kusafisha. Siku yake ya kwanza alirudi nyumbani na doa jeusi kwenye kola ya shati jeupe, na tangu siku hiyo akaitwa Wino. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, lakini mbele ya Rola alikuwa bado na mdomo wa utani.

"Dada yangu alikuonea huruma tu," alikuwa akimwambia, mikono yake ikiwa ndani ya mashine. "Alikuja kwako kama mtu anayeokota paka wa mvua."

"Na paka ndiye anayekulisha," Rola alijibu.

"Ananilisha panya."

Chumba chao hakikuwa na dirisha. Karatasi ikipata unyevu inavimba, na ikivimba rangi haziangukiani: nyekundu inakwenda huku, bluu inakwenda kule, na picha ya mtoto kwenye kitabu cha darasa la kwanza inatoka na vichwa viwili. Kwa hiyo mlango ulifungwa, kipoza hewa kikaunguruma, na hewa ile ile iliyotoka kwenye pua za watu asubuhi ndiyo waliyoivuta jioni. Humo ndani waliosha mipira ya mashine, ile inayobeba wino mpaka kwenye karatasi, kwa kitu kilichokuja ndani ya mapipa ya bluu, cheupe kama maji, chenye harufu tamu tamu. Ukikimwaga kwenye kitambaa na kupitisha mara moja, wino wote unatoka. Hakikuwa na jina. Walikiita dawa.

"Lete dawa." "Dawa imekwisha." "Leo dawa imenipanda kichwani." Siku za kazi nyingi walikuwa wakiosha mpira kila baada ya muda mfupi, na kuelekea jioni mtu angeweza kuona mashine moja ikiwa mbili, akacheka peke yake.

Neno hilo lilimponza Kobe. Alipokwenda hospitali macho yakiwa yameanza kubadilika, daktari alimuuliza, "Kuna dawa yoyote unayotumia?" Kobe akasema hapana, hata ya kuumwa kichwa hajawahi. Alisema kweli. Aliyefungua fumbo ni mke wa mkata karatasi, siku mumewe alipolazwa. Muuguzi alimpa nguo za mgonjwa azipeleke nyumbani, naye akasema, "Hizi hata nizifue vipi, zinanuka dawa." Daktari wa ini alikuwa amesimama hapo karibu. Akageuka. "Dawa gani?"

Na kulikuwa na maziwa.

Nani aliyeanzisha habari ya maziwa, hakuna aliyejua. Ilikuwepo kabla ya Rola. Maziwa yanakata sumu, basi. Wapaka rangi wanaamini hivyo, wachomeleaji wanaamini hivyo, na Bosi aliamini kuliko wote kwa sababu pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko kutoboa ukuta na kuweka feni. Kila mtu wa chumba cha mashine alipewa pakiti moja kwa zamu. Hawakuiita maziwa, waliiita kinga. Na kinga ilikuwa na masharti yake: unywe kabla hujagusa dawa, na unywe tumbo likiwa tupu ili ishike kuta. Chai na mkate vilikuja baadaye. Ukimuuliza mtu wa kiwanda kile, "Umekula?" akiwa ametoka tu kumaliza pakiti yake, atakuambia bado, na hatakuwa anakudanganya.

Kobe alikunywa kinga yake miaka yote, hakukosa hata zamu moja. Alipokufa, hakuna aliyeuliza swali lililokuwa limekaa wazi mezani.

Rola peke yake hakunywa. Maziwa na tumbo lake walikuwa maadui tangu utotoni. Akinywa nusu kikombe, tumbo linapiga ngoma mpaka watu wa chumba cha pili wanageuka. Kwa hiyo pakiti yake alimpa Wino, na Wino alizinywa zote mbili mfululizo, akifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, shemeji!" alikuwa akisema.

Kila siku methali ile ile, na kila siku anaicheka mwenyewe kama ndiyo kwanza aisikie.

Daktari wa ini alikuja kiwandani mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, viatu bapa. Alishuka ngazi mpaka chumba cha mashine, akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akarudi juu. Walimkuta kwenye ghala la karatasi amekaa juu ya marobota, anajipepea.

"Mnashinda humo siku nzima?" aliuliza.

"Na usiku, kazi ikiwa nyingi," alisema Rola.

Akawaeleza taratibu, bila kuwatisha na bila kuwapamba. Ini linatengeneza nyongo. Nyongo inapita kwenye vijirija vyembamba ndani ya ini, vinaungana kama vijito, vinakuwa mrija mmoja unaoteremka mpaka kwenye utumbo. Saratani hii inaanzia kwenye ukuta wa mrija, kama kutu ndani ya bomba. Haiumi. Mtu anakula, anafanya kazi, anacheka. Siku atakayogeuka manjano ndiyo siku ambayo bomba limeziba, na mara nyingi siku hiyo imeshakuwa nje ya uwezo wa kisu.

"Nyongo mkalia ini!" alisema Wino. "Mimi nilidhani ni maneno ya kumbembelezea mke. Kumbe ni ramani."

Watu wakacheka. Hata daktari alitabasamu kidogo.

"Ni ramani," alisema. "Na ninayo mashine ya kuisoma. MRI. Ni sumaku kubwa, haina mionzi, haichomi mtu sindano. Inapiga picha ya majimaji ya ndani. Nyongo inatoka nyeupe, vingine vyote vinatoka vyeusi. Mrija ukianza kubanwa mahali, hata padogo, tunapaona pale pale. Siwezi kuahidi kumwokoa kila mtu. Ila nikipata picha kabla ya manjano, angalau ninakuwa na kitu cha kufanya. Nimewaombea asubuhi moja, wote wa chumba hiki."

Bosi alikubali, kwa sababu daktari alikuwa amesema neno "ukaguzi" alipokuwa ofisini kwake. Daktari akamweleza masharti yote: watu wasile wala wasinywe kitu chochote kuanzia usiku, hata maji, kwa sababu tumbo lenye majimaji linang'aa pichani na kufunika mrija. Bosi alikuwa mtu wa kukata. Alikata karatasi, alikata saa za mapumziko, na maneno ya daktari nayo akayakata. Jioni alipita mlangoni mwa chumba cha mashine, akapaza sauti juu ya kelele: "Kesho hospitali! Hakuna kula asubuhi! Na mkitoka huko moja kwa moja kazini, kinga zenu chukueni sasa hivi, stoo itakuwa imefungwa!"

Wakachukua.

Asubuhi walikutana nje ya geti la hospitali, wamejipanga ukutani kama watoto wa shule wanaosubiri chanjo. Wenzake walikuwa wameziweka zao mpaka wafike kazini, lakini Wino alitoa pakiti yake mfukoni, akaing'ata pembe, akainywa yote kwa pumzi moja. Halafu akanyoosha mkono bila kumtazama shemeji yake, kama alivyofanya kila siku. Rola naye akampa ya kwake, kama alivyofanya kila siku.

"Kinga na kinga," alisema Wino.

"Kunywa, unyamaze."

Chumba cha MRI kilikuwa baridi kuliko chumba chao. Mpiga picha, kijana mwembamba aliyekuwa na watu wengi wa kuwamaliza kabla ya adhuhuri, aliwavua mikanda, funguo na sarafu. Alimuuliza kila mmoja kama ana chuma mwilini, na kama amekula chochote. Rola alisema hapana. Akalazwa kwenye kitanda chembamba, akafungwa kitu kama ngao juu ya tumbo, akaingizwa ndani ya tundu. Mashine iligonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo. Sauti ikamwambia vuta pumzi, toa, usipumue. Rola hakuogopa. Alikuwa amezoea kelele, na kelele hii ilikuwa na mpangilio. Mashine yenye mpangilio ni mashine nzima.

Wino alipoingia, Rola alibaki upande wa pili wa kioo, akiona mgongo wa mpiga picha na kipande cha skrini. Picha za Wino zilichukua muda mrefu. Mpiga picha alirudia, akarudia tena, akakuna shingo. Katikati ya skrini palikuwa na doa kubwa jeupe, kama chupa ya wino imepinduka juu ya karatasi, ila wino mweupe.

"Bwana, una nini tumboni?" mpiga picha aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Njaa," Wino alijibu kutoka ndani ya tundu.

Mpiga picha akacheka. Foleni ilikuwa ndefu. Akamtoa, akamwita mwingine.

Njiani kwenda kazini Wino alikuwa na furaha. "Mashine yao chafu ile," alisema. "Nimeiona picha yangu wakati navaa viatu. Chapa mbovu kabisa. Inataka kuoshwa mpira. Wangeniita mimi na kitambaa na dawa kidogo, ningewatengenezea."

Daktari aliwaita Rola na Wino pamoja, kwa kuwa walikuwa watu wa familia moja, na mke wa Rola akaja nao. Alimgeuzia Rola skrini. Mti mweupe juu ya giza: shina, matawi, vitawi. Kwenye tawi moja la kushoto palikuwa na mahali ambapo weupe unakatika kidogo, halafu unaendelea ukiwa umevimba.

"Hapa," alisema daktari. "Pamebanwa. Tutachukua kipande tukipime, lakini nadhani ndiyo yenyewe. Ni padogo, pako upande mmoja tu. Nataka ukatwe mwezi huu. Tutaondoa sehemu ya kushoto ya ini, linalobaki litajijenga. Una bahati sana, na sisemi hivyo mara nyingi."

Mke wa Rola alishika meza. Wino akamshika dada yake bega.

"Na wewe," daktari alimgeukia Wino, "yako haisomeki. Shina limefunikwa. Sijui kama uko salama au la, unanielewa? Sijasema uko salama. Nimesema sijaona. Urudi wiki ijayo."

"Nitarudi, daktari," alisema Wino. Nje ya mlango akamnong'oneza dada yake, "Wanatengeneza mashine kwanza."

Wiki iliyofuata Rola alikuwa wodini anasubiri kisu, na kiwandani palikuwa na kazi ya vitabu vya shule ambayo Bosi alikuwa ameinyemelea muda mrefu. Mashine kubwa ilikuwa na watu wawili tu walioielewa. Mmoja alikuwa amelala chali.

Bosi hakufoka. Angefoka pengine ingekuwa heri. Alimwita Wino ofisini, akamkaribisha kiti, akasema kwa upole kwamba anamhurumia sana Rola, lakini mashine haiwezi kulala. Ikisimama hata siku moja itabidi atafute fundi mwingine, na fundi mwingine akishakuja, Rola akipona atarudi kufanya nini? Hakuna viti viwili kwenye mashine moja. Wino alielewa. Akasema, "Mashine haitasimama."

Akaanza kufanya zamu mbili. Alikuwa akija wodini kabla ya kuingia ya pili, ananuka dawa mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wanageuza nyuso.

"Nakulindia kiti, shemeji," alimwambia Rola, aliyekuwa na mpira puani na mwingine ubavuni. "Ukirudi utakikuta cha moto."

"Na picha yako?"

"Kazi hii ikiisha. Imebaki kidogo. Halafu fikiria mwenyewe: radi haipigi nyumba moja mara mbili. Wewe umepigwa, mimi nimepona. Tena wewe hunywi kinga. Mimi nakunywa kinga mbili, yangu na yako. Nani alipaswa kuumwa hapo?"

Ilikuwa hoja nzuri. Rola, aliyekuwa amefundishwa kinga kabla hajafundishwa mashine, hakuona tundu ndani yake. Na kuna jambo jingine, lazima lisemwe. Alikuwa na hofu ya kiti chake. Mtu aliyekatwa ini, anayetembea ameshika tumbo, nani atampa kazi? Alimtazama shemeji yake, macho mekundu ya usingizi, wino mpaka kwenye nyusi.

"Haya," alisema Rola.

Mkewe alikuwa amekaa pembeni, anakunja shuka. Alisubiri kaka yake atoke.

"Ungemwambia aende," alisema.

"Ataenda."

"Wewe ndiye anayekusikia. Mimi ananiona mtoto. Ungemwambia."

"Ataenda, mama. Ni mtu mzima."

Kazi ya vitabu iliisha, ikaja ya kalenda. Kalenda zikaisha, Bosi akaleta mabango. Hospitali nayo ilipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza Wino hakusikia kwa sababu ya kelele. Mara ya pili alisikia, akasema atakuja, na alikusudia kuja. Rola alikuwa nyumbani sasa, anajifunza upya kupanda ngazi. Kila Wino alipopita kumsalimu ilikuwa giza limeingia, na taa ya sebuleni ilikuwa ya manjano, kwa hiyo watu wote walikuwa wa rangi moja chini yake.

Dada yake ndiye aliyemkamata. Mashine iliharibika mkanda, wakaachiwa mchana, Wino akapita nyumbani kuomba chakula. Alisimama mlangoni, jua likimpiga usoni kutoka ubavuni.

"Hebu nitazame," alisema dada yake.

"Nini?"

"Nitazame, nimesema."

"Ni taa hiyo."

"Taa gani mchana huu?"

Rola alisikia kutoka chumbani. Halafu akasikia jina lake, lile la wazazi wake, likiitwa kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

Mpiga picha alikuwa yule yule. Hakuwakumbuka, au alijifanya. Rola alikaa upande wa pili wa kioo, kovu linamvuta. Wino alivuliwa mkanda, ambao ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari.

"Umekula chochote? Umekunywa?" Safari hii mpiga picha aliuliza yote mawili.

"Sina hamu ya kitu," alisema Wino. "Hata kinga siku hizi inanishinda. Ile mara ya kwanza ndiyo nilikuja na kinga zangu mbili tumboni, na bado mkaniharibia picha."

"Kinga gani?"

"Maziwa."

Mpiga picha aliacha kufunga ngao. "Ulikunywa maziwa? Asubuhi ile? Nilikuuliza kama umekula."

"Sikuwa nimekula."

"Bwana, maziwa..." Kijana alimtazama, akamtazama Rola kupitia kioo, akatazama sakafu. "Lile doa lilikuwa maziwa. Yalijaa tumboni na kwenye utumbo. Yalifunika kila kitu."

 Wino akacheka, lakini kicheko kilitoka kama kikohozi.

"Kumbe mashine yenu nzima," alisema.

Picha ya siku ile ilitoka safi. Rola alikuwa ameona chapa nyingi maishani mwake, lakini hiyo ilikuwa kali, nyeusi ni nyeusi na nyeupe ni nyeupe, hakuna kilichotoka mahali pake. Mti ulikuwa na matawi ya kulia na matawi ya kushoto, yote yamevimba. Katikati, pale yalipotakiwa kuungana na shina, hapakuwa na kitu. Giza tu.

Daktari aliweka picha mbili sambamba, ya kwanza na ya pili. Aliweka ncha ya kalamu kwenye giza la picha ya pili, akaipeleka mahali pale pale kwenye picha ya kwanza. Iliangukia katikati ya doa jeupe.

"Siku ile ilikuwepo?" aliuliza dada mtu.

"Sijui," alisema daktari. "Nadhani ilikuwepo. Nadhani ilikuwa ndogo. Lakini sitakudanganya, mama, palifunikwa, na hakuna mtu atakayejua kamwe." Akavua miwani. "Sasa imeshika pande zote mbili. Nikikata kushoto, kulia kunabaki. Nikikata kulia, kushoto kunabaki. Naweza kumwekea bomba dogo nyongo ipite, asiwashwe ngozi. Hilo naweza."

Mambo yakikwama Waswahili husema yametumbukia nyongo. Safari hii nyongo yenyewe ndiyo iliyokuwa imekwama, na haikuwa na pa kutumbukia.

Wino aliwekewa bomba. Rangi ilipungua, akapata siku kadhaa nzuri, akarudisha utani. Alimwomba Rola amletee kitabu kimoja cha ile kazi ya shule. Akakifungua kwenye picha ya mtoto, akaishika karibu na pua, akaikagua rangi kwa rangi.

"Kichwa kimoja," alisema. "Nimekulindia kiti vizuri, shemeji."

"Umelinda."

"Usimwambie dada kwamba pakiti ya pili ilikuwa yako."

 Rola hakumwambia. Hakukuwa na haja. Mkewe alikuwa ameishi na mwanamume asiyekunywa maziwa miaka yote hiyo. Alijua pakiti yake ilikwenda wapi. Alifika mwenyewe kwenye jibu, akiwa anaosha vyombo, siku ya pili baada ya kumzika kaka yake. Rola alikuwa amekaa mezani. Aliona mikono ya mkewe ikisimama ndani ya maji. Hakugeuka. Baada ya muda akaendelea kuosha.

Bosi alikuja kutoa pole. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akasema Wino alikuwa mtu wa kazi, wa aina ambayo haizaliwi tena. Dereva wake akaingiza katoni na kuiweka karibu na mlango.

"Tumechukua hatua," alisema Bosi. "Baada ya hili hatuwezi kukaa kimya. Kuanzia sasa chumba cha mashine kila mtu anapata pakiti mbili."

Rola alimtazama ili aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Na dawa?" aliuliza.

"Dawa ipi?"

"Ya mapipa ya bluu."

"Aa, hiyo." Bosi alifungua mikono. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Rola. Tutaoshea nini?"

Mke wa Rola aliinuka, akaichukua katoni, akatoka nayo nje. Walimsikia akichana pakiti moja moja na kumwaga kwenye mtaro. Alimaliza zote. Bosi alikuwa ameshaaga alipofika pakiti ya mwisho.

Rola alirudi kwenye kiti chake. Kilikuwepo, kama alivyoahidiwa. Alifanya kazi chumbani mle mpaka alipomaliza kuwaeleza wenzake, mmoja mmoja, kilichokuwa ndani ya pakiti na kisichokuwa ndani yake. Wengine walimsikia, wakaenda kupigwa picha wakiwa na njaa ya kweli. Wengine walisema Rola amechanganyikiwa kwa msiba, wakaendelea kunywa mbili mbili. Halafu Bosi akamwambia kazi nzito haimfai tena mtu wa nusu ini.

Dawa ile ilichukua watu watatu: Kobe, mkata karatasi, na Wino. Ilichukua upande wa kushoto wa ini la Rola, na kiti ambacho Wino alikilinda kwa uhai wake. Watoto wawili hawana baba. Mwanamke mmoja alikuwa na kaka mmoja, sasa hana. Bado anampikia mumewe, anamkumbusha siku za kwenda kupigwa picha na kumwangalia asiguse hata maji asubuhi hiyo, lakini hamwiti tena Rola. Humwita kwa lile jina la wazazi wake, kila siku, hata kumwambia chakula tayari.

Maziwa yalikuwa ya bure.